Mama yake yuko wapi?

Mpwa wangu alikuwa na miaka mitano jioni aliyonikatiza hadithi katikati. Nilikuwa namsomea Where the Wild Things Are, kitabu cha picha cha Maurice Sendak, ila namsomea kwa Kiswahili, natafsiri hapo hapo kitandani, na jina nilishakipa langu: Waliko Mazimwi. Tulikuwa tumefika pale Max, mtoto aliyevaa vazi la mbwa mwitu, anapofukuzwa akalale bila kula. Mpwa wangu akaweka kiganja juu ya ukurasa ili nisiufunue.

"Mjomba, subiri kwanza. Mama yake yuko wapi?"

Nikamwambia yuko chumba cha pili, ndiyo maana tunamsikia tu. Jibu halikumtosha. Akanipokonya kitabu, akarudi mwanzo, akaanza kumtafuta. Kwenye picha ya Max anapigilia msumari ukutani kwa nyundo kubwa, hayupo. Kwenye picha ya Max anamkimbiza mbwa na uma mkononi, hayupo. Hapo akaona kitu ambacho mimi, niliyekuwa nakijua kitabu kile kwa moyo, sikuwahi kukiona. Ukutani, karibu na ngazi, kumebandikwa karatasi yenye sura ya zimwi, na aliyeichora ni Max. "Huyu ndiye mama?" akauliza. Nikamwambia hapana, hilo ni zimwi, amelichora mwenyewe hata kabla ya kusafiri.

"Sasa mama?"

Sikuwa na la kusema. Mama hayumo. Tunasikia anamwita mwanawe zimwi, tunasikia amemnyima chakula, lakini katika kitabu kizima hakuchorwa hata ncha ya kiatu chake.

Usiku ule nililichukulia kama swali la mtoto asiyetaka kulala. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba anayetaka kugeuza kitabu cha picha kuwa filamu ndefu hana budi kuanzia pale pale alipoanzia yule mtoto: arudi ukurasa wa kwanza, amtafute aliyeachwa nje ya picha.

Tupige hesabu kidogo. Kitabu cha Sendak kilitoka mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikapata Medali ya Caldecott, tuzo kubwa kuliko zote nchini Marekani kwa wachoraji wa vitabu vya watoto. Kwa Kiingereza kina maneno 338, yaliyopangwa katika sentensi kumi tu. Hata ukisoma polepole na kujibu maswali njiani, dakika kumi haziishi. Filamu iliyotokana nacho, aliyoiongoza Spike Jonze na iliyoanza kuonyeshwa Oktoba 2009, ni ya dakika 101. Gawanya: kila dakika ya filamu imepewa maneno matatu na kitu. Anayegeuza riwaya kuwa filamu anahangaika na mkasi, anakata sura nzima nzima huku roho inamuuma. Mwenye kitabu cha picha hana cha kukata. Ana mchuzi wa kijiko kimoja na watu ukumbi mzima wa kulisha, na akitia maji ovyo ladha imekwenda.

Kosa la kwanza, na nimelifanya, ni kudhani kwamba kwa kuwa maneno ni machache basi kitabu kina nafasi tupu zinazongoja kujazwa. Tazama Sendak anavyofanya kazi. Mwanzoni picha ya Max ni ndogo, imezungukwa na ukingo mpana mweupe kama mtoto aliyefungiwa. Unafunua, picha inapanuka kidogo. Miti inaanza kuota chumbani, picha inapanuka tena. Nguzo za kitanda zinageuka mashina, sakafu inakuwa nyasi, kuta zinayeyuka, na ukingo mweupe unazidi kuliwa. Max akipanda mashua, picha inavuka mpaka ukurasa wa pili na kuanza kuyasukuma maneno. Akifika kwa mazimwi, maneno yamebanwa chini kabisa. Kisha Max, akiwa mfalme wao sasa, anaamuru fujo ianze, na mara tatu mfululizo unafunua kurasa mbili zilizojaa rangi kutoka ukingo hadi ukingo, bila neno hata moja. Ni kelele tupu, na kelele hiyo yote ni ya macho. Halafu upweke unamwingia, maneno yanarudi, picha zinaanza kunywea. Mwezi nao umefanya safari yake: mwanzoni dirishani kuna mwezi mwembamba, mwishoni ni mwezi mpevu.

Mtoto ambaye hajui herufi hata moja anaisoma hadithi hiyo yote. Upana wa picha ndio upana wa hasira. Tena mwendo wa hadithi uko mkononi mwake, kwa kuwa yeye ndiye anayefunua. Mpwa wangu alikuwa na desturi ya kunguruma kwenye zile kurasa zisizo na maneno, ananguruma mpaka pumzi zinamwishia, ndipo anafunua. Siku nyingine alikaa pale muda mrefu kuliko kitabu chote kilichobaki. Siku moja alipita haraka, hakunguruma kabisa, na nikajua siku yake haikuwa nzuri.

Sinema haimpi mtu mkono huo. Skrini ni ile ile toka mwanzo hadi mwisho, na mwendo umeshaamuliwa na mtu mwingine mezani kwa mhariri. Kwa hiyo zana kuu ya kitabu, yaani kufunua, mwongozaji ananyang'anywa siku ya kwanza ya kazi. Abakiwe na nini? Abakiwe na kile ambacho kitabu kimekifahamu bila kukionyesha.

Waliotafuta wamekipata sehemu mbalimbali. Chris Van Allsburg alichora Jumanji mwaka 1981: ndugu wawili, Judy na Peter, wanaokota mchezo wa ubao bustanini, wanacheza, simba anatokea sebuleni. Kitabu hakisemi mchezo ule ulikuwa wa nani kabla yao. Filamu ya mwaka 1995 ilishika uzi huo huo: ikamtengeneza Alan Parrish, mtoto aliyemezwa na mchezo mwaka 1969 na kutemwa miaka 26 baadaye akiwa mtu mzima, na jukumu hilo akapewa Robin Williams. Mtu huyo hayumo kitabuni hata kwa kivuli, lakini shimo alilotokea limo. Ndiyo maana hakai kama kiraka.

Kazi nyingine ya mchoraji huyo huyo, The Polar Express ya mwaka 1985, ilipata filamu mwaka 2004, na hapo mimi nina manung'uniko. Treni inateleza juu ya barafu inayopasuka, tiketi inapeperuka dirishani, watu wanatembea juu ya paa la behewa. Hatari juu ya hatari, na zote zingeweza kuchomekwa katika filamu yoyote yenye treni. Wakati kitabuni, mwishoni kabisa, kuna jambo zito limesemwa kwa sentensi chache: miaka ilivyopita, rafiki mmoja mmoja akaacha kuisikia ile kengele ambayo msimulizi alipewa na Baba Krismasi utotoni, inayosikiwa na wanaoamini tu, hata dada wa msimulizi naye akaacha. Filamu inayarudia maneno hayo, kweli, lakini mwishoni, kama kwaheri. Mimi ningetaka kumwona dada huyo siku anatikisa kengele na hasikii kitu. Dakika 100 zingetosha kabisa kwa hilo.

Wapo pia waliokataa urefu wenyewe. The Snowman ya Raymond Briggs, kitabu cha mwaka 1978 kisicho na maneno, ilifanywa filamu ya televisheni mwaka 1982 yenye dakika 26 tu. Waliongeza safari ya kwenda kumwona Baba Krismasi, ambayo kitabuni haimo, lakini ukimya waliuheshimu: mvulana na mtu wake wa theluji hawasemezani. Nikiulizwa leo na mwenye kitabu cha picha afanye nini, shauri la kwanza ningempa ni hilo: angalia kama dakika 26 hazitoshi.

Mimi sikupata shauri hilo. Niliwahi kupewa kazi ya kuandika skripti ya filamu ndefu kutokana na kitabu cha picha cha kurasa 32. Sitakitaja, kwa sababu mwenye kitabu alinikabidhi kwa imani na kazi haikufika popote. Hadithi yenyewe ni ya msichana anayekaa dirishani kila usiku akihesabu taa za meli hadi usingizi unamchukua. Basi. Ukurasa wa mwisho ni dirisha peke yake, msichana hayupo, na taa moja imeongezeka baharini.

Kwenye kikao cha kwanza na waliokuwa na fedha za kutengenezea filamu, niliulizwa swali moja: "Adui ni nani?" Nikaona aibu kusema hakuna. Nikarudi nyumbani nikatengeneza adui. Adui akahitaji mpango mbaya, mpango ukahitaji wasaidizi, wasaidizi wakahitaji boti ya mwendo kasi. Kufikia rasimu ya tatu nilikuwa na majambazi wa baharini, mbio mbili za boti, na ndege wa kufuga aliyekuwa akitamka mambo ya kuchekesha kila hadithi inapozorota. Nilifanya kazi usiku na mchana. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu lile jambazi kuu: lilizaliwa wapi, lilipataje kovu. Kuhusu msichana nilikuwa sijui zaidi ya siku ya kwanza.

Mwenye kitabu alisoma rasimu yote, kurasa 104. Aliporudisha, niliitafuta alama ya kalamu yake nikaikuta ukurasa wa kwanza tu, kwa penseli, pembeni mwa sentensi inayosema msichana amekaa dirishani. Ameandika: "Anamsubiri nani?"

Nilikaa na karatasi ile mapajani muda mrefu. Kitabu chake kilikuwa kimejengwa juu ya mtu yule, na mimi miezi saba yote sikuwa nimeuliza ni nani. Hapo ndipo nikakumbuka kiganja cha mpwa wangu juu ya ukurasa.

Tangu siku hiyo filamu ya Jonze naitazama kama fundi anavyoikagua kazi ya fundi mwenzake, anapitisha kidole kwenye maungio. Sendak mwenyewe alikuwa miongoni mwa watayarishaji, na ndiye aliyemtaka Jonze. Jonze alisita kwa miaka kadhaa, akiogopa kuongeza kitu kwenye kitabu kisichohitaji nyongeza. Amesimulia kwamba mlango ulimfungukia alipowaza kuwa mazimwi wanaweza kuwa hisia zenyewe, zile zisizoshikika ndani ya mtoto na ndani ya watu wanaomzunguka. Naye Sendak alimsisitiza afanye jambo lake mwenyewe, lenye hatari yake, bila kuwadanganya watoto. Ukiangalia, huko nyuma mwaka 1983 studio ya Disney ilikuwa imeshafanya jaribio fupi la kitabu hiki, mikononi mwa John Lasseter na Glen Keane: Max kachorwa kwa mkono, nyumba imejengwa kwa kompyuta, mtoto anamkimbiza mbwa na kamera inawafuata. Kwa wakati wake lilikuwa ajabu. Lakini lilijibu swali la namna ya kumkimbiza mbwa, wala si kwa nini mtoto anamkimbiza.

Jonze na Dave Eggers, walioandika skripti pamoja, walianzia kwenye hilo swali la kwa nini. Max wao ana mama anayefanya kazi mpaka nyumbani, baba hayupo, na dada, Claire, aliyeshakua na kupata marafiki wakubwa. Max anajenga nyumba ya theluji, anawarushia marafiki wa dada matonge ya theluji, wanacheka, wanamrushia, halafu mmoja anairukia ile nyumba naye akiwa ndani. Kicheko kinakatika. Mtoto anatoka theluji imemjaa usoni, analia, na dada anaondoka na marafiki zake kwenye gari. Max anakwenda chumbani kwa dada kukivuruga, na katika hasira anavunja zawadi aliyomtengenezea yeye mwenyewe. Sekunde hiyo, anapoangalia alichokivunja, ina thamani kuliko boti zangu zote.

Na mama yuko wapi? Hapa ndipo nilipoiheshimu filamu hii. Mama, anayeigizwa na Catherine Keener, yuko mezani anafanya kazi ya ofisi usiku, amechoka, simu imemletea habari mbaya. Max amelala sakafuni chini ya meza yake. Kutoka pale chini anaona miguu ya mama tu, na anaivuta taratibu ncha ya soksi yake ndefu kwa vidole, kama mtu anayepiga hodi. Mama anamwambia anahitaji hadithi. Max anaanza kumsimulia habari za mnyonya damu aliyeng'ata jengo akapoteza meno, na mama anaichapa kwenye kompyuta neno kwa neno.

Tazama kilichofanyika pale. Kitabuni mama ni sauti ya kukataza tu. Filamu ingeweza kumfanya mkali, au mzembe, ikapata adui wake kwa bei rahisi. Badala yake imempa mwili kuanzia miguuni, kwa kimo cha macho ya mtoto, na imemfanya kuwa mtu anayezijua hadithi za mwanawe kiasi cha kuziandika. Baada ya hapo, Max anapopanda juu ya meza jikoni mbele ya mgeni wa kiume wa mama, akapiga kelele na kumng'ata mama begani, huwezi tena kusema nani ana haki. Unawaonea huruma wote wawili.

Kung'ata huko hakukutoka hewani. Kitabuni Max anamtishia mama kwamba atamla, na mazimwi wanapomwona Max anaondoka wanamsihi asiende, watamla, jinsi wanavyompenda. Sendak alisimulia mara nyingi asili ya mazimwi wale: ni shangazi na wajomba zake, wahamiaji Wayahudi kutoka Poland, waliokuwa wakija kwao Brooklyn siku za Jumapili. Meno mabovu, nywele zikitokeza puani, wanamfinya mashavu huku wakingoja chakula na kusema mtoto huyu mtamu, tutamla. Mwanzoni alikusudia kuchora farasi, lakini farasi hakuwaweza, akaishia kuchora ukoo wake.

Sisi hatuhitaji kuelezwa sana hapa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kila nikimsomea mpwa wangu ukurasa ule nilikuwa naisikia methali hiyo chini ya maneno, na nadhani ndiyo maana neno zimwi lilinijia bila kutafutwa. Anayekupenda ana meno pia. Kinachokuokoa ni kwamba anakujua.

Filamu imelichukua jambo hili na kulipeleka mahali ambapo kitabu hakikufika. Carol, zimwi kubwa kuliko yote kwa hasira, ambalo sauti yake ni ya James Gandolfini, linagundua kwamba Max si mfalme wa kweli, linaanza kumkimbiza msituni. KW, zimwi jike, anamfungulia mdomo. Ingia. Max anaingia kichwa mbele, anamezwa, na anakaa ndani ya tumbo lile gizani, amelowa, akisikiliza Carol na KW wakigombana nje. Amekwenda mbali namna hiyo ili aishie kuwa mtoto aliyejificha akisikiliza wakubwa wanazozana. Na aliyemla ndiye aliyemficha. Mara ya kwanza kuiona sehemu hiyo nilisimamisha filamu, nikatoka nje kidogo.

Jambo jingine nalipenda ni manyoya. Walipiga picha mwaka 2006 katika jimbo la Victoria, Australia, na mazimwi yalikuwa mavazi halisi yaliyotengenezwa na karakana ya Jim Henson, mtu mzima ndani ya kila vazi. Vichwa vyenye mitambo vilikuwa vizito mno kwa wavaaji, mitambo ikatolewa, na nyuso zikaja kutiwa uhai kwa kompyuta baadaye. Waigizaji wa sauti nao hawakurekodiwa kila mtu na kibanda chake. Walikusanywa pamoja, wakasukumana na kurukiana huku wakisema. Kisa cha taabu yote hiyo ni Max Records, mtoto aliyeigiza Max. Alikuwa na miaka tisa hivi. Mtoto wa umri huo akiambiwa auegemee mpira uliotundikwa kwenye kijiti, aamini kwamba ni zimwi, ataigiza. Akiwekewa ubavu mkubwa wenye manyoya yaliyojaa vumbi na majani makavu, atalala. Katika filamu kuna mahali mazimwi yote na mtoto wamelaliana lundo moja baada ya fujo, na usingizi wa pale hauna uigizaji.

Sisemi kila ungio limekaa sawa. Katikati filamu inalemea. Mazimwi yanaongea kama watu wazima waliokwisha kuachana, na kwa robo saa hivi naona Max amekuwa mgeni katika filamu yake mwenyewe. Mpwa wangu aliitazama mara ya kwanza akiwa na miaka minane, na sehemu hiyo akaanza kuvuta nyuzi za zulia.

Na kuna hasara moja ambayo bado inaniuma: msitu wa chumbani haupo. Max wa filamu anatoka mbio mlangoni usiku, mama anamkimbilia barabarani akimwita, naye anapotea, anakuta mashua, anaondoka. Naelewa kwa nini. Miti ikiota ndani ya chumba kwenye skrini, mtazamaji anaiangalia miti na kujiuliza imefanywaje. Kwenye karatasi anamwangalia Max. Vilevile mama akishakuwa mtu mwenye uso, hofu lazima iwe yake pia, na mama anayemkimbilia mwanawe gizani ni picha kubwa. Lakini Sendak alikuwa amesema jambo adimu kwa ule msitu, kwamba mtoto anaweza kusafiri mwaka mzima kwenda na kurudi bila kuvuka kizingiti, na mlango umemtenga na mama kwa unene wa ubao tu. Filamu imemtoa nje ili ipate uwanja. Mimi ningehangaika na chumba kile mpaka studio inifukuze.

Wenye fedha nao walikuwa na wasiwasi wao. Filamu ilipangwa kutoka Oktoba 2008, ikasogezwa mwaka mzima. Iligharimu takriban dola milioni 100, na mapato yake duniani kote yakawa karibu kiasi hicho hicho, ambayo kwa biashara ile ni kushindwa. Wazazi wengi waliona ina huzuni mno na inatisha. Maneno hayo kitabu chenyewe kilishayapitia: mwaka 1969 mwanasaikolojia Bruno Bettelheim alionya hadharani juu yake kwamba kumlaza mtoto njaa, tena kwa adhabu ya mama, ni kumtia hofu ya kuachwa, ilhali hakuwa amekisoma. Mtoto anayetishwa na kitabu kile anajua la kufanya: anakifunga. Wengi hukifungua tena usiku huo huo.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu hauna picha. Max amesharudi chumbani, amekuta chakula chake kinamngoja. Unafunua, unakuta karatasi nyeupe na maneno machache tu, yanayosema kwamba kilikuwa bado cha moto. Sendak alisimulia kwamba alitakiwa abadilishe neno hilo aandike "vuguvugu", asije mtoto akaungua. Alikataa. Nilipokuwa nikitafsiri nililielewa gombano hilo vizuri zaidi kwa lugha yetu. Chakula cha vuguvugu ni kilichokwisha kusahauliwa, kimepoa kikaachwa. Cha moto kimepakuliwa sasa hivi, na aliyekipakua hajaenda mbali.

Filamu haina msimulizi, kwa hiyo neno hilo haliwezi kutamkwa. Jonze amefanya hivi: Max anarudi mbio, mama anamkumbatia bila swali, anamwekea chakula. Max anakula. Mama amekaa mbele yake anamtazama, na macho yanaanza kumlemea, anasinzia pale pale kwenye kiti. Max anamtazama mama aliyelala. Hakuna neno.

Juzi niliitazama tena na mpwa wangu. Sasa ana miaka kumi na mitano na sauti imeshavunjika. Hakuvuta nyuzi za zulia. Ilipofika ile sehemu ya mama kusinzia alikaa kimya, na majina ya wahusika yalipoanza kupita aliinuka akaenda kwenye kabati la vitabu. Nikafikiri amechoka. Akarudi na kile kitabu chetu, mgongo umebandikwa gundi mara mbili, akakifungua karibu na mwisho: Max chumbani, anavua kofia ya mbwa mwitu kichwani, na mezani kuna bakuli na keki.

Akaweka kidole, si juu ya Max. Juu ya bakuli.

"Mjomba," akasema, "si huyu hapa."